Sahani ya Kulia

Nyuma ya soko, pale Nyamagana, kuna jiwe kubwa lililokataa kupisha barabara, na barabara ikaona isiwe taabu ikalizunguka. Chini ya jiwe hilo paliwekwa benchi la mbao za reli, na kando ya benchi Longino, Mhaya wa Kamachumu, alitua birika lake la kahawa kila ilipotimu saa nane. Serikali ya kijiwe ilikutana hapo kila siku bila ajenda wala mwenyekiti, na haikuwahi kushindwa kuamua jambo. Kashata zake Longino alizipanga kwenye sahani ya bati nyeupe yenye maua mekundu. Sahani ile, lakini, haikuwa yake. Ilikuwa mali ya umma, na aliyeitilia sahihi ni Luhaga, fundi wa mabomba ya maji, ambaye aliileta kila alasiri chini ya kwapa na kuondoka nayo kahawa ikiisha.

Habari ya sahani hiyo kila mtu aliijua, na bado ilichekesha. Luhaga alikuwa na mashine ya kutafutia chuma kilichozikwa ardhini: fimbo ndefu, chini yake kidude cha duara mfano wa sahani, na vingine viwili vya kuvaa masikioni. Ukiipitisha juu ya bomba, mashine inalia. Mtaalamu aliyekuja nayo kutoka Ulaya alipomaliza mkataba wake alimkabidhi Luhaga, na tangu hapo Mwanza nzima hakuna mwingine aliyeigusa. Miezi mitatu iliyopita Luhaga aliomba kidude cha duara cha pili. Jina lake la Kizungu hakulijua, basi akaandika kwenye fomu Kiswahili chake safi: "Sahani ya kulia, moja." Na stoo, kwa moyo mkunjufu, ikamletea sahani ya kulia. Ya kulia wali.

Sasa fomu mpya ilikuwa mfukoni, na safari hii haikuwa mzaha. Asubuhi bosi alimwita ofisini, akamwambia akae, akasema, "Ndugu Luhaga, kitaagizwa kidude kimoja tu cha duara. Kikubwa au kidogo, chagua wewe. Wewe ndiye unayeijua mashine." Fomu iwe mezani saa kumi, kwani bosi anapanda treni ya jioni kwenda Dar. Miaka kumi na tisa ya kazi, wataalamu walimwambia shika hapa, chimba pale. Leo ameambiwa achague. Tangu asubuhi Luhaga alitembea kifua mbele, na wala hakujaribu kukirudisha.

— Kubwa, — alisema Chenge, anayeitwa Redio kwa kuwa kila taarifa ya habari huirudia na kuiongezea chumvi yake. — Chukua kubwa, ndugu yangu. Upana wa ungo. Kitu kikubwa kinasikia mbali.

— Ndogo, — alisema Bagenda, karani mstaafu wa kiwanda cha pamba. Kijiweni ni Profesa, kwa ajili ya miwani. — Tazama popo. Masikio yake yako wapi? Na usiku anakwepa waya wa simu.

— Popo anatafuta bomba?

— Hajatumwa. Angetumwa angelipata.

Luhaga alikunywa funda la kahawa na kuwaachia uwanja. Raha ya jambo lenyewe ilikuwa hii, kusikia watu wazima wakigombania kazi yake.

— Mnasahau Ilunda, — alisema Redio. — Kijiji kizima kimehamishiwa pale, kaya mia mbili, na bomba la shamba la mzungu mmoja wa zamani liko chini ya miguu yao. Koki yake ikipatikana, maji yanafika kijijini. Sasa wanawake wanateremka ziwani na ndoo. Huyu bwana mwaka jana alikaa kule siku nne, akarudi mikono mitupu. Si ulisema bomba liko chini mno, Luhaga?

— Chini mno, — alisema Luhaga, akitazama masimbi ya kahawa yaliyotuama kikombeni.

Alikwisha kuyasema hayo kwa bosi, kwa mkewe na kwa benchi hili, mara nyingi hata yeye mwenyewe alikuwa karibu kuyaamini.

— Basi imekwisha, — alisema Redio. — Kubwa inafika chini. Ukiipata ya upana wa paa la nyumba, utasimama hapa Mwanza usikie nanga za meli zilizolala huko katikati ya ziwa.

— Na reli ya Tabora je? — aliuliza Profesa. — Itanyamaza saa ngapi, ikiwa inasikia reli mpaka Tabora?

— Inazimwa siku za treni.

— Mimi nasema isiwe kubwa wala ndogo. Bomba ni refu, si la duara. Unakitafutaje kitu kirefu kwa kitu cha duara? Iwe ndefu. Iwe kama mtumbwi.

Longino alikuwa akisuza vikombe. Naye hakutaka kupitwa.

— Binadamu ana masikio mawili, — alisema taratibu. — Kubwa moja ifungwe hapa, nyingine kule Sengerema. Bomba likikohoa katikati, tunalo.

Walipokuwa wakipima maneno hayo, mwanamke mmoja aliyebeba tenga alifika akalitua kivulini mwa jiwe. Alikuwa na vumbi mpaka magotini na tikiti ya kivuko ameikunja kwenye pindo la kanga.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama. Karibu. Wa wapi?

— Ng'ambo huko, Sengerema. Naitwa Ng'washi. Nangoja jua lipungue niingie sokoni.

Longino alimpa kikombe. Redio, aliyefurahi kupata msikilizaji mpya, alimweleza yote: mashine, sahani mbili, kubwa na ndogo, fomu ya saa kumi, na namna mashine ilivyoshindwa Ilunda. Mwanamke alisikiliza akipuliza kahawa. Alimtazama Luhaga mara moja tu.

— Samahani, wazee wangu, — alisema. — Huko ilikoshindwa, mashine ililia au ilinyamaza?

Profesa alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Longino alimimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa. Tangu bosi atoe fomu, na hata kabla ya hapo, hakuna aliyekuwa amefikiria kuuliza hilo. Wote wakamgeukia Luhaga.

Angeweza kusema ilinyamaza. Neno moja tu, sahani kubwa iandikwe, na jina lake libaki safi. Lakini aliikumbuka Ilunda. Mashine haikunyamaza hata dakika moja kule. Ililia kwa misumari, ikalia kwa vizibo vya soda, ikalia kwa majembe mabovu na vipande vya debe na mabati ya nyumba ya yule mzungu iliyoanguka. Kila ilipolia alichimba, kijiji kizima kimesimama kinamtazama, na kila alipochimba aliibuka na takataka. Ndipo akasema bomba liko chini mno. Kina si kosa la fundi.

— Ililia, — alisema. — Ililia kila mahali. Sikuweza kujua lipi ni bomba na kipi ni kizibo.

— Kumbe si kina, — alisema Profesa polepole.

— Si kina, Bagenda. Kule ziwani ncha ya bomba imechungulia, futi mbili tu kutoka juu. Nilisema kina kwa sababu niliona aibu.

Luhaga aliweka kikombe chini, na alipoanza tena sauti yake ilikuwa ya fundi, si ya mtu anayejitetea.

— Kubwa inasikia mengi kwa pamoja. Kule ingenipigia kelele zaidi. Ndogo inasikia mahali padogo, kitu kimoja kimoja. Unaipitisha kati ya msumari na msumari. Kizibo kitalia mara moja na kukoma. Bomba litalia, ukipiga hatua litalia tena, na hatua ya tatu hivyo hivyo. Nitalifuata mpaka kwenye koki. Profesa, nipe kalamu.

Alilaza fomu gotini. "Sahani ndogo," aliandika.

— Watakuletea kisosi, — alisema Redio, na hapo benchi lote likacheka, Luhaga kwanza.

Akaongeza: "ya mashine ya kusikilizia chuma. Si ya chakula." Kisha akafika kwenye mstari wa sababu, akaandika kwamba Ilunda mashine ililia kila mahali, na kwamba taarifa yake ya mwanzo kuhusu kina haikuwa kweli.

— Hilo futa, — alisema Redio. — Watakunyang'anya mashine wampe mwingine.

— Wakimpa mwingine, angalau atakuwa na sahani inayofaa.

Siku zote alikuwa akitia herufi mbili tu. Leo aliandika jina lote, Luhaga Kashindye, Fundi, akalisoma, akaridhika nalo. Akasimama. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini.

— Ni mashimo thelathini na moja, — alisema Ng'washi.

Luhaga aligeuka.

— Mimi ni wa Ilunda. Matatu yako mlangoni kwangu.

— Nisamehe, mama. Niliondoka bila kuyafukia.

— Tuyafukie kwa nini? Ardhi ile ngumu, nani angetuchimbia mashimo kama yale? Tumepanda mipapai. Yote imeshika, na ya kwangu imeanza kuzaa.

Alitoa papai kwenye tenga, akaazima kisu cha Longino, akasogeza kashata pembeni na kulipasua juu ya yale maua mekundu.

— Hii sasa ndiyo sahani ya kulia, — alisema. — Kula, fundi.

Alikula amesimama, fomu mkono mmoja, kipande cha papai mkono wa pili. Wenzake nao wakachukua. Birika likaisha. Luhaga alijifuta mdomo akaanza kuondoka.

— Sahani yako, — Longino alimwita. — Mali ya umma hii, umeitilia sahihi.

— Mpe mama aende nayo Ilunda, — alisema Luhaga bila kusimama. — Nitaifuata mwenyewe, nikiwa na mdogo wake.