Barua ya Taa za Ngazini

Kaeni chini, wanangu. Peniasi, zima hiyo simu. Torika, acha kunipangusa uso, silii. Ningekuwa na machozi mngeyaona tangu mwaka aliokufa baba yenu. Nisikilizeni wakati bado nina pumzi ya kumaliza ninachotaka kusema.

Mali yangu ni kidogo. Fleti hii ni ya kupanga, mwenyewe ataitaka nikishatoka. Mikeka yote ni ya Torika, isipokuwa ule wa nyuzi nyekundu ambao mtanilaza juu yake. Cherehani pia ni yake. Sehemu yetu ya shamba kule kijijini Ra ni yako Peniasi, lakini dada yako akitaka kulima usimwulize atalima nini. Jino la nyangumi lililo kabatini, ile tabua ya babu yenu ya kutolewa kwenye mambo mazito, hapewi yeyote kati yenu. Nitawaambia linakokwenda.

Mnakumbuka ngazi za jengo hili zilivyokuwa. Kila Diwali, mama Ramrati wa mlango wa pili alipanga vitaa vyake vya udongo kutoka getini mpaka ghorofa ya tatu, na Desemba ikifika watu wa kanisa letu walitundika ile nyota ya mianzi na karatasi, kubwa mpaka warefu wakawa wanapita wameinama. Hakuna aliyemwomba mwenzake ruhusa. Waliopenda walipenda, waliochoka walinyamaza. Mzee Yakub wa chini alikuwa akipandisha suruali yake na kupiga kelele, "Dada Ramrati, mwaka huu utanichoma!" naye Ramrati anamjibu kutoka juu, "Vaa kaptura, Yakub, miguu yenyewe tumeshaiona!" Tunacheka jengo zima.

Halafu mama yake Yakub akateleza kwenye mafuta ya vile vitaa akaumia nyonga. Yakub alikwenda kwenye kamati ya wapangaji, akaomba kwa adabu vitaa visogezwe ukutani. Ramrati akavisogeza. Likaisha hapo.

Baba yenu tulimzika wiki ya Diwali. Niliporudi kutoka makaburini nilikuta ngazi zinawaka kuanzia chini, watoto wanazungusha fataki, Ramrati amesimama na sahani ya vitamutamu. Akaniambia, "Dada Iliseva, kula kidogo, hujala tangu juzi." Nikachukua kimoja, nikakitia mdomoni, kikawa kama udongo. Sikuwa na hasira, wanangu, na hili ndilo ninalotaka mlielewe. Wala huzuni sikuisikia. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi. Niliona zile taa nikataka zisiwepo, basi. Nikaingia ndani, nikachukua karatasi, nikaandika kwamba taa za dini kwenye njia ya watu wote ni hatari, mafuta yanaangusha wazee, zipigwe marufuku. Sikutia jina. Nikaisukuma chini ya mlango wa mwenyekiti.

Ndiyo, Torika. Ni mimi. Usinikatize.

Nami niliandika habari ya mafuta na wazee nikijua watu watamtazama nani.

Mkutano ulipoitwa, mwenyekiti akasema ili asionekane anaonea dini moja, ataondoa zote: vitaa, nyota, bendera, kila kitu. Watu wetu waliposikia nyota yao nayo inakwenda, ndipo waliposimama. "Ni Yakub!" Yakub akainuka, akasema, "Wallahi sikuandika mimi. Nilichotaka nilikisema mbele yenu." Mtu mmoja nyuma akacheka. Mimi nilikuwa kwenye benchi la mwisho, nimevaa nguo nyeusi, watu wananionea huruma. Nikatazama mikono yangu.

Idi iliyofuata, Zubeda mke wa Yakub alipeleka tambi za maziwa kila mlango kama kawaida yake. Sahani zilirudi zimejaa. Yetu niliirudisha mimi mwenyewe. Alifungua mlango, akaitazama, akasema, "Hata wewe, dada?" Nikamjibu kwamba tumeshiba.

Na wewe Peniasi, ulikuwa ukicheza raga na Imtiaz mtoto wao tangu shule ya msingi, mkilala nyumba hii na ile, ukila kwa Zubeda kuliko kwangu. Ukamsimamisha stendi ya mabasi mbele ya wachezaji wenzenu, ukamwambia, "Ninyi ndio mliotuzimia taa, nendeni mkakae gizani kwenu." Ulirudi nyumbani ukanisimulia ukiwa na fahari. Nilikuwa nakatakata magimbi. Niliendelea kukata. Neno moja tu lingetosha siku ile, nami nilikuwa nalo mdomoni, lakini sikuona haja ya kulitoa. Sikuona haja ya chochote. Baada ya miaka miwili walihamia mji wa Ba. Hakuna aliyeshuka kuwasaidia kubeba makabati.

Tangu barua ile ni miaka tisa. Nilidhani nitakwenda na jambo hili kaburini. Lakini Jumanne Ramrati alikuja na chapati zake za roti, akakaa pale ulipokaa Torika, akaniambia kwa sauti ya chini, "Barua ile nilijua ni yako." Nikamuuliza alijuaje. "Umefanya kazi zahanati miaka ishirini ukiniandikia karatasi za dawa, mwandiko wako nisiujue? Mwenyekiti alinionyesha siku ileile."

Nikamuuliza, "Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umefiwa."

"Na Yakub?"

Akakunja ile taulo ya roti, akaikunjua, akaikunja tena. "Yakub hakuwa amefiwa," akasema. "Nilidhani ataweza kubeba." Halafu akalia yeye. Mimi nilimtazama tu, kama ninavyowatazama ninyi sasa.

Nipeni maji. Basi, yanatosha.

Hili ndilo nawaagiza. Nikishazikwa, kabla ya siku ya kumi, chukueni lile jino la nyangumi mwende Ba, wote wawili, na Ramrati akitaka mchukueni. Mkifika kwa Yakub msikae kwenye viti. Kaeni chini, mlishike kwa mikono miwili, mseme: mama yetu Iliseva aliandika, alinyamaza, mkafukuzwa kwa sababu yake. Torika, najua unachotaka kusema, kwamba yeye ni Muislamu atalifanyia nini. Alifanyie anachotaka. Akilikataa, liacheni mlangoni kwake mrudi. Msimwombe anisamehe. Mwambieni tu lililo kweli. Na wewe Peniasi, Imtiaz akikutukana, ukae umetukanwa. La kwako la stendi ni lako, mimi siwezi kukuombea.

Kamati wakiuliza kama taa zirudi au zisirudi, msijibu kwa jina langu. Nilishajibu mara moja.

Mungu awatunze. Torika, mikono yako iwe... iwe na kazi siku zote. Peniasi, upate mtu wa kukuambia ukweli mapema kuliko mimi. Muishi kwa amani, ninyi na watoto wenu.

Bado moja. Sogeeni, sauti inakwisha.

Watu wa kanisa watataka kutundika vitambaa ngazini kwa ajili ya msiba, na maua, na ule msalaba mkubwa. Wazuieni kwanza. Bisheni hodi... kila mlango, muulize kama tunaweza. Wakisema hapana, nipitisheni hivyohivyo, ngazi tupu, sitajua. Na wale waliohamia chini, kwa Yakub... miaka saba wanakaa pale, sijawahi... Torika, wale usianze na msiba.

Waulize majina yao.