Koti la Baba Ng'ambo ya Mto

Siku tuliyofiwa, waliokuwa chumbani ni hawa: mimi, wadogo zangu Petero, Agnesi na Sela, mzee wa ukoo, na jirani aliyetuletea uji. Mama alikuwa ametangulia miaka minne. Baba ndiye aliyelala kitandani, amefunikwa shuka hadi kidevuni.

Ndugu zangu, hapa Malaba mnanijua kama mtu asiyesimama mbele ya watu. Leo nitasema.

Wengi wenu mlimwona baba akipita na baiskeli, hamkusikia sauti yake. Alipigana Burma katika jeshi la Mwingereza. Tukimwuliza vitani kulikuwaje, alijibu, "Kulikuwa na mvua." Basi. Mama alipokufa niliacha shule darasa la sita ili nishike nyumba, lakini sare za wadogo zangu alizifua mwenyewe, akazipiga pasi ya makaa hadi zikasimama kama za gwaride. Risasi ziliposikika ng'ambo, miaka hii ya taabu, alituketisha chini akatumwagia mahindi tupukuchue. "Anayekimbia ndiye anayeonekana," alisema. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Sasa, kwetu mtu hazikwi kabla dada yake hajamwona uso. Shangazi ameolewa upande wa Uganda, mwendo wa saa mbili kutoka mtoni. Wanaume waliovuka wiki ile walikuwa hawajarudi; askari wa kule walimwona kila mwanamume kuwa mwasi. Mzee akanitazama.

"Utakwenda wewe."

Akatoa sandukuni koti la baba la jeshi, akanivika, kama mtoto wa kwanza anavyovikwa, lisivuliwe hadi kaburi lifunikwe. Hakuna aliyefikiri. Akili zote zilikuwa kwenye msiba. Msichana wa miaka kumi na saba anatumwa kwa wanajeshi wale akiwa amevaa kijeshi! Mnacheka? Chekeni. Mimi sikucheka.

Nilivuka asubuhi, maji yakinifika magotini. Nilipotokea njiani, askari wawili walikuwa wameketi juu ya gogo wakila ndizi za mama mmoja aliyekuwa akichoma.

"Wewe! Kuja hapa! Koti hii umetoa wapi?"

"Ni la baba, afande."

"Baba yako iko wapi? Msituni?"

"Amekufa."

"Nani aliua yeye?"

Mmoja akasimama na bunduki. Kando yangu kulikuwa na mtama mrefu, na mwili wangu wote ulitaka kuingia humo. Nikamfikiria Sela, ana miaka sita, nani atamwogesha? Magoti yakakunjika, nikaketi vumbini, mikono juu ya mapaja. Nawaambieni kweli, sijui kama nilimtii baba au niliishiwa nguvu tu.

Askari akacheka. "Umechoka, bibi?"

Yule mama wa ndizi akasema, "Muache, afande. Hiyo ni nguo ya marehemu. Hata kwetu mtoto mkubwa anavaa. Anafuata watu wa msiba."

"Unamjua?"

"Simjui. Msiba naujua."

"Na kama anapeleka habari kwa waasi?"

Mama akajifuta mikono kwenye kanga. "Basi nitavaa mimi hilo koti, nikae nanyi hapa. Asiporudi, mnipeleke mimi."

Mzee alisema lisivuliwe. Nikalivua, nikampa yule mama.

Nilifika kwa shangazi, nikampa habari. Alilia, akafunga kitambaa, tukawa tayari. Mumewe akatuambia, "Msirudi njia ile. Kule chini kuna kivuko, hakuna askari. Mtafika salama."

"Na yule mama?"

"Ni ndugu yako?"

Ndugu zangu, hapo niliogopa kuliko nilivyoogopa bunduki, kwa sababu alichosema nilikitaka. Nilikitaka sana. Wadogo zangu wasingenilaumu. Nilisimama pale mlangoni nikihesabu vidole vyangu kama mtoto, kisha nikaishika njia niliyojia. Shangazi akanifuata.

Tulifika alasiri. Askari walikuwa wengine, wa asubuhi wameondoka. Mama alikuwa chini juani, amevaa lile koti zito, mikono imefungwa kamba. Gari la jeshi lilikuwa linanguruma, tayari kumchukua.

"Afande!" Nilipiga kelele hadi mtoto mgongoni mwa mpita njia akaanza kulia. "Nimerudi! Mimi ndiye niliyengojewa! Huyu hapa shangazi!"

Wakatuuliza mara tatu tatu. Wakamfungua. Koti wakabaki nalo. Mama alisema tu, "Nendeni, mtu wenu anawangoja."

Nyumbani mzee alinifokea kuhusu koti. Shangazi akamkata: "Mtoto amerudi, mzee. Wewe unataka nguo?" Tukamzika baba.

Nawashukuru nyinyi kina mama wa kikundi mliokuja na majembe msimu ule, mkapanda mtama wetu hadi jioni, Petero akabaki shuleni. Namshukuru shangazi. Na kwa aliye na hofu leo nasema: hofu yangu haikuondoka hata dakika moja. Nilirudi nayo njia nzima. Inawezekana kutembea nayo.

Nimevuka mara mbili kumtafuta yule mama. Pale alipochomea ndizi pameota majani, na kila ninayemwuliza anatazama pembeni. Sikumwuliza jina. Aliketi juani kutwa nzima kwa ajili ya msichana asiyemjua, na mimi tangu siku hiyo sijafanya hivyo kwa mtu yeyote. Watu wanaokimbia risasi wanavuka kila wiki kuja upande wetu, wanabisha, nami huchungulia kwanza dirishani. Bado nadaiwa.