Sista Agata Mwanvua binti Athumani, wa Kambi ya Malale ya Kizuka

Amahoro, amani kwenu nyote mliopanda mpaka Kizuka kumsindikiza binti yetu: jamaa wa Rumonge na Magara, majirani Waislamu na Wakristo, na ninyi wagonjwa mliotolewa nje na mikeka yenu ili nanyi msikie. Maneno haya yametungwa na mdogo wa marehemu, Radjabu bin Athumani, akikumbushwa na mama yao pamoja na Sista Mariyamu, naye Radjabu mwenyewe ndiye anayeyasoma.

Marehemu alizaliwa Rumonge, mwezi wa Shaabani, ambao kwa hesabu ya Wazungu ulikuwa Aprili 1888. Baba yake, mzee Athumani, alitoka Ujiji akifanya biashara ya mawese na ndagala, akaoa hapa na hakurudi tena kwao. Mama yake ni Wema, Mrundi wa hapa hapa Kizuka. Alipewa jina la Mwanvua kwa sababu mvua ya siku ile iliezua nusu ya paa, na wanawake waliokuja kumpokea mtoto walifanya kazi yao huku mmoja wao ameshikilia mkeka juu ya kichwa cha mzazi.

Alikua mtoto wa mchangani. Wanaomkumbuka wanasema alipokuwa mdogo alipewa kazi ya kulinda ndagala waliotandazwa juani wasiliwe na mwewe. Baba yake aliporudi kutoka msikitini alikuta samaki wameliwa karibu wote, naye amekaa pale pale, macho makavu, hajalala. "Mwanvua, hukuwaona ndege?" Akajibu, "Niliwaona, baba. Walikuja na watoto wao." Mzee Athumani alicheka mpaka akakaa chini, na habari ile aliisimulia kwa kila mgeni maisha yake yote.

Masomo yake ya kwanza yalikuwa ya chuoni, kwa mwalimu aliyefundisha watoto Kurani karibu na soko. Alikuwa na sauti nzuri kuliko wote, na alipokuwa msichana hakuna harusi ya Rumonge iliyofanyika bila yeye kuitwa kuongoza nyimbo za wanawake. Kusoma na kuandika kwa herufi za Kizungu alijifunza baadaye sana, na mahali alipojifunzia si pa furaha.

Mwaka 1905 alichumbiwa na Hamissi, fundi wa mitumbwi, kijana ambaye mko naye hapa leo. Ndoa ilicheleweshwa kwa sababu ugonjwa wa malale ulikuwa umeshuka ufukweni. Watu wenye nguvu zao walianza kusinzia juu ya makasia, tezi za shingo zikivimba, wakikonda, wakipotewa na akili, mpaka wasiamke. Serikali ya Wadachi iliamuru watu waondoke kwenye vichaka vya kando ya maji, kwenye mbung'o, na wagonjwa wakusanywe katika kambi hii. Mzee Athumani aliletwa hapa mwaka 1908. Mwanvua alikuja naye kumpikia na kumgeuza kitandani, na baba yake alifia mikononi mwake mwezi wa Novemba mwaka huo huo.

Alipokuwa anamuuguza baba, alimkuta kambini mwanamke mjane wa Ujiji, Mkristo, aliyewaosha wagonjwa wasiokuwa na mtu. Ndiye Mariyamu. Hakuwa ametumwa na mtu. Mumewe alikuwa amefia hapa, naye hakuondoka. Baada ya maziko Mwanvua alirudi nyumbani, akakaa wiki chache, kisha akaja tena kumsaidia. Mariyamu ndiye aliyemfundisha kusoma, wakichora herufi kwa kaa la moto juu ya kipande cha mtumbwi uliovunjika. Ndiye aliyemfundisha na sala. Siku ya Pasaka, Machi 1910, Mwanvua alibatizwa na padri aliyekuja kutoka misheni ya mlimani, akaitwa Agata.

Nyumba yetu haikulipokea jambo hilo kwa wepesi. Mama Wema hakusema naye kwa muda mrefu. Tena lilipofuata la pili, kwamba hataki kuolewa kabisa, anataka kuwa mtawa, wajomba walikuja juu, na ikaitwa baraza nyumbani. Hamissi alifika amevaa kanzu safi, akawasalimu wazee, akasema: "Mimi sikuja kudai kitu. Nataka kumuuliza yeye mwenyewe, mbele yenu. Mwanvua, ni mimi unanikataa, ama ni ndoa?"

Akajibu, "Ni ndoa. Kama ningeolewa, ningeolewa na wewe."

Hamissi akasema, "Basi niambie iko wapi hiyo nyumba ya watawa, nikupeleke. Usipande mtumbwi wa mtu mwingine."

Na alitimiza neno lake. Mwaka 1911 aliwapakia Mwanvua na Radjabu katika mtumbwi wake, wakashuka kusini kupita Nyanza mpaka misheni ya Itonda, walikokuwa masista wa Kizungu. Walipokewa vizuri, wakalishwa, wakaonyeshwa shule ya wasichana na bustani. Lakini siku walipokuwa wanarudi, Mwanvua alimwambia mdogo wake: "Wale wanawake ni wema, Radjabu. Lakini pale msichana mweusi anaishi na masista, anafua na masista, anasali na masista, na hawi sista. Nitakuwa mgeni wao mpaka kufa."

Mwaka uliofuata Hamissi alimvusha ziwa mpaka Kalumbi, upande wa Wabelgiji. Huko kulikuwa na nyumba nyingine, iliyopokea wasichana wa nchi hizi na kuwavika shela kama wengine. Kazi yao kubwa ilikuwa sala. Waliimba mara nyingi kwa siku, na kati ya sala na sala walilima na kushona kimya kimya. Mwanvua aliingia kanisani, akasikia wanavyoimba, akalia. Hakurudi na mtumbwi. Hamissi alipofika Rumonge peke yake, alikwenda moja kwa moja kwa Mama Wema, akamwambia, "Mama, nimemwacha mahali anapopapenda." Mama Wema aliingia ndani akafunga mlango.

Karibu miaka miwili ya Kalumbi ilikuwa miaka ya raha kuliko yote aliyopata marehemu. Mwenyewe alisema hivyo. Mkuu wa nyumba ile, Mama Klotilda, aliitambua sauti yake mapema, akampa kuongoza wimbo. Siku moja, watawa wakisubiri wageni waliochelewa, Agata alianza litania ya Bikira Maria kwa sauti ya nyimbo zetu za harusi, na wenzake wakaitikia kwa makofi bila kujua wanachofanya. Mama Klotilda alisimama mlangoni mpaka mwisho. Akasema tu, "Siku ya kawaida, hapana. Siku ya sikukuu yake, tutaona." Na siku ya sikukuu waliimba hivyo.

Mwezi wa Januari 1914, miezi michache kabla Agata hajaweka nadhiri zake za kwanza, Hamissi alifika Kalumbi. Alikuwa amekwisha kumwoa Sharifa, na Sharifa mwenyewe ndiye aliyemtuma aende. Akamwambia Agata: "Kambi imejaa. Mariyamu alikuwa na wenzake wawili waliotaka kuwa watawa pamoja naye, mmoja amekufa, mwingine ametoroka. Iko yeye peke yake. Na mama yako ameletwa kambini. Ni malale."

Agata alikwenda kwa Mama Klotilda kuomba ruhusa. Yule mama alimwambia ukweli: kanuni ya nyumba hairuhusu anayetoka kabla ya nadhiri kupokewa tena. Akamwomba asiamue kwa siku ile. Asubiri mpaka Jumatano ya Majivu, asali, ajichunguze kama ni Mungu anamwita ama ni mtoto anamlilia mama yake. Hamissi akasubiri, akiwatengenezea watawa mtumbwi wao uliokuwa unavuja.

Zilikuwa wiki ngumu. Hakula vizuri, hata kuimba kukamshinda. Baadaye alimweleza Mariyamu jinsi alivyopata kujua. Alijiuliza: nikiwa njiani, katikati ya ziwa, wakatuambia mama amekwisha kufa, nitageuza mtumbwi nirudi Kalumbi? Siku nyingi hakuthubutu kujibu, kwa kuogopa kumwua mama yake hata kwa mawazo. Mwishoni alijibu. Asingegeuza. Wale wagonjwa wengine wangekuwa bado wako pale, na Mariyamu peke yake.

Jumatano ya Majivu alivua shela nyeupe, akaikunja, akaiweka mezani kwa Mama Klotilda. Yule mama alimkumbatia, akamwambia, "Umechagua nyumba ambayo haina hata paa." Agata akasema, "Ndiyo, Mama. Moyo ungependa kubaki hapa." Akatoka amevaa kaniki.

Mama Wema alipona. Alikuwa amewahiwa mapema, na sindano za daktari wa Kidachi, ambazo wengine ziliwapofusha, yeye zilimwachia macho yake. Mwezi wa Juni aliporuhusiwa kurudi nyumbani alifunga mkeka wake, akamwambia binti yake afunge na wake. Agata akasema atabaki.

"Hukurudi kwa ajili yangu?" Mama Wema akauliza.

Agata angeweza kusema uongo mdogo, na hakuna ambaye angemlaumu. Akajibu, "Nimekuuguza kwa furaha, mama. Lakini kama usingekuwepo, ningekuja tu."

Neno lile lilimuumiza mama yetu kuliko ugonjwa. Alirudi nyumbani, akakaa mfungo mzima wa Ramadhani bila kupanda kuja huku. Baada ya Idi alimpa Zena, binti yake mwingine, chungu cha wali akilete kambini. Mwezi uliofuata alikileta mwenyewe, akakaa kivulini, akamtazama mtoto wake akiwalisha watu wasiojua hata majina yao. Toka siku ile alikuja kila Ijumaa baada ya swala.

Mwezi wa Agosti vita vya Wazungu vilifika ziwani na njia ya ng'ambo ikafungwa. Hakuna habari iliyovuka tena kutoka Kalumbi. Kambini dawa zilipungua, daktari akaitwa kwenda kwa askari. Walibaki Agata na Mariyamu. Watu wa hapa waliwaita Masista wa Malale, lakini ndani ya Kanisa walikuwa bado si masista. Kila padri alipokuja waliomba waruhusiwe kuweka nadhiri, na kila mara jibu lilikuwa kwamba askofu hajaamua, wasubiri. Agata alisubiri, akiendelea kuchota maji.

Mwezi wa Desemba Mariyamu alimwona anasinzia huku ameshika kijiko mbele ya mdomo wa mgonjwa. Akamshika shingo, akazikuta tezi. Agata akamwambia, "Nilikuwa najua. Usimwambie mama mpaka Ijumaa, ale kwanza chakula chake kwa amani." Sindano hazikuwepo tena. Ugonjwa ulikwenda mbio. Kufika Februari alikuwa anaamka kwa saa chache tu, nyingine akiimba, nyingine hamtambui mtu. Mama Wema alihamia kambini, akalala chini kando yake.

Tarehe sita ya mwezi huu padri alishuka kutoka mlimani kumpaka mafuta. Agata alikuwa macho, akili zake zote ziko sawa. Akaomba kuweka nadhiri. Padri akamwambia kwa upole kwamba hana mamlaka, kwamba nadhiri huwekwa ndani ya shirika, akamuuliza, "Katika shirika gani, mwanangu?"

Akamwonyesha Mariyamu aliyekuwa anashona godoro la majani mlangoni. "Katika hili, Padri. Mimi na yule."

Padri alifuta macho yake. Akasema hawezi kuzipokea kwa jina la Kanisa, lakini hakuna wa kumzuia mtu kumwahidi Mungu, na yeye atakuwa shahidi. Agata akaahidi. Sauti haikutoka vizuri, kwa hiyo alirudia mara mbili. Mariyamu akapiga magoti karibu naye akaahidi vile vile. Jumanne, tarehe 9 Machi 1915, wakati wa adhuhuri, marehemu alikata roho, mama yake amemshika mkono mmoja na Sista Mariyamu mkono mwingine. Alikuwa hajatimiza miaka ishirini na saba.

Ameacha mama, Wema. Mdogo wake Radjabu na mkewe Kulthumu. Dada yake Zena na watoto wake. Ndugu Hamissi na Sharifa, ambao binti yao wa kwanza wamempa jina la Mwanvua. Na Mama Klotilda na watawa wa Kalumbi, ambao hawajui bado, wala hatuna njia ya kuwaambia. Amemwacha Sista Mariyamu, ambaye sasa ndiye shirika zima. Na amewaacha ninyi wagonjwa wa kambi hii, ambao aliwajua kila mmoja kwa jina la baba yake.

Sista Mariyamu ameomba litangazwe jambo moja kabla hatujamshusha kaburini. Kesho asubuhi kazi ya kambi inaendelea. Maji ni mbali na yeye peke yake hawezi. Mwenye mikono mizima, wa dini yoyote, anakaribishwa. Mama Wema amesema yeye atakuja, na amekwisha kuazima mtungi.

Sista Agata, Mwanvua wetu, Mungu akupe pumziko. Hapa umefika, na hakuna atakayekuhamisha.