Keza Hakuwa Amefunga, Alikuwa na Njaa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na mliofurahi kuniona nimeshika kipaza sauti, na asifiwe na ninyi mlionuna. Nimewaona! Jana dada mmoja wa kwaya alikuja kwangu akaniambia, "Mama Keza, kesho shuhudia ule mguu wako uliopona. Mambo ya chakula cha shule yaache, yataleta maneno." Mguu umepona kweli, namshukuru Mungu. Lakini leo sikusimama kwa ajili ya mguu, na maneno yakija, na yaje.

Mnanijua. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, tukarudi nyumbani Rwanda nikiwa binti, ndiyo maana Kiswahili changu mnakicheka. Mume wangu alipofariki mlinisaidia kumzika. Nikabaki na Keza, mtoto wangu wa pekee, na biashara yangu ya kabichi. Nazitoa soko la Nyakiriba alfajiri, nazivusha mpakani kwenda Goma, Kongo, jioni narudi na hela ya kula. Hatukuwa matajiri, ila hatukulala njaa. Basi ule mpaka wa Kongo ukaanza vituko. Leo wazi, kesho umefungwa, keshokutwa unafunguliwa kabichi zimeshaoza. Mtaji ukakata! Nikabaki na kikapu kitupu na jina la mfanyabiashara.

Sasa, kwa wasiokuwa na watoto shuleni, niwaeleze. Chakula cha mchana cha shule, serikali ndiyo inaweka sehemu kubwa. Mzazi anaweka sehemu yake ndogo kila muhula: unatuma kwa simu, unaandika namba ya mtoto, shule wanaona imeingia. Ni kidogo, ndiyo. Kuna watu humu wanakunywa soda za zaidi ya hapo siku ya harusi moja. Lakini ukiwa huna, hata hicho kidogo huna.

Muhula ule sikuwa nacho. Sikujificha, ndugu zangu. Nilimfuata mwenyekiti wa kamati ya wazazi, baba mmoja tunayesali naye, simtaji jina, nikamwambia hali yangu. Akasema, "Sawa mama, tutaona." Mimi nikaelewa kwamba mtoto anakula wakati sisi watu wazima tunaendelea kuonana. Kumbe kamati ilikuwa imetengeneza kadi. Mtoto ambaye mzazi wake ametuma, ana kadi. Asiye na kadi, hana sahani. Hakuna aliyeniambia!

Na hapa ndipo mnisikilize vizuri, maana na ninyi mmo.

Mnakumbuka Jumapili ile Keza alipoitwa hapa mbele? Mwalimu mmoja wa shule yao, mpendwa mwenzetu, alikuja na habari kwamba mtoto huyu wa darasa la tano anafunga. Wenzake wanakula, yeye amekaa pembeni, wakimuuliza anasema, "Nimefunga." Haleluya ikapigwa! Mkamwekea mikono. Mkapiga makofi mpaka mabati yakaitika. Mimi mwenyewe nililia kwa furaha, nikasema Mungu ameninyang'anya kabichi, lakini amenipa nabii mdogo.

Nabii gani! Tuliipigia makofi njaa, wapendwa. Kanisa zima!

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu Mama Furaha, anayepika pale shuleni. Yeye alikulia Goma, hajui kuzungusha maneno. Tulikutana bombani, akaweka ndoo yake chini. "Mama Keza, mi nachoka kunyamaza. Ule mutoto hafunge hata! Iko na njaa. Hana kadi, donc hana sahani. Nilitaka kumupa ya kwangu, wakanigombeza."

Mana yanjye, Mungu wangu! Nilirudi nyumbani sijui hata nilipita njia gani. Nikamkalisha Keza. Nikamuuliza, mwanangu, unafunga kwa ajili ya nini? Akaangalia chini. Akasema, "Mama, nikisema sina kadi wananicheka. Nikisema nimefunga, hawanicheki. Na wewe hungekuwa na wasiwasi."

Ndugu zangu, niliumia! Na hasira ikanipanda mpaka masikio yakawaka moto. Niliingia chumbani kuomba, na siku hiyo sikuomba kwa ulimi mtamu. Nilimwambia, "Baba, wamekusingizia! Wamemnyima mtoto wangu chakula, halafu wakasema ni kwa ajili yako! Mimi ni mwoga, unanijua, mbele ya watu wakubwa naishiwa maneno. Kesho unipe mdomo, au usinipe, lakini naenda."

Kesho yake saa sita mchana nilichukua sahani yangu ya nyumbani, nikaenda shuleni, nikamshika Keza mkono, tukasimama kwenye foleni ya chakula. Mimi huyu, na kitenge changu, katikati ya watoto! Watoto wanacheka, walimu wanachungulia madirishani. Mwenyekiti akaitwa, akafika anahema. "Mama, unatuaibisha! Wewe si umeokoka?"

Nikasikia mdomo wangu unajibu, "Nimeokoka, baba, sijafa. Na mtoto wangu naye hajafa, ndiyo maana anasikia njaa. Nani aliandika sheria ya kadi? Nionyeshe, nisome." Akasema kadi ni ya kuwafanya wazazi wakumbuke. Nikamwambia, "Basi ninyime mimi! Nipitishe mimi mbele ya sufuria nisile. Aliyeshindwa kutuma ni mimi, mbona anayekumbushwa ni tumbo la Keza?"

Mkuu wa shule akatoka ofisini. Mama yule alikuwa mgeni pale, amehamishiwa shule ile muhula huohuo. Akauliza kuna nini, akaelezwa. Halafu akasema mbele ya wote kwamba agizo ni moja: kila mtoto anakula. Mzazi asiye na hela ataleta kuni, au maharage, au atakuja kufanya kazi jikoni. Akamgeukia mwenyekiti, akamwambia, "Hizo kadi zikusanye leo." Kisha akamwita Mama Furaha, "Pakua."

Nyie! Mama Furaha alimpakulia Keza ugali wa kawunga, unga wa mahindi, na maharage mpaka sahani ikataka kumwagika. Na nyuma ya madarasa wakaanza kutoka watoto wengine. Walikuwa wanajificha huko kila mchana, wanakunywa maji bombani wakingoja kengele. Sikujua kama wapo. Niliwaona wanakuja mmoja mmoja, wanaangalia kwanza kama watafukuzwa, nikashindwa kujizuia, nikalia palepale kwenye foleni.

Huo ndio ukombozi wangu, ndugu zangu. Sikutumiwa hela kutoka mbinguni! Mtaji bado sina. Siku ya soko la Mahoko nabeba mizigo ya watu, na siku mbili za wiki niko jikoni shuleni namenya viazi na kukata kabichi, ndiyo sehemu yangu. Si sadaka ya mtu, ni jasho langu. Mungu alinitoa kwenye aibu, ile inayokufunga mdomo mpaka mtoto wako anajifunza kusema uongo wa kiroho ili akulinde.

Mwenyekiti mpaka leo hanisalimii. Nampenda katika Bwana, na sirudi nyuma!

Asante Yesu! Asante kwa mdomo ulionipa! Wapendwa, mtegemeeni Mungu, hatamtupa mtu. Lakini msimsingizie. Mtoto asipokula, msiseme ni mapenzi yake, wakati sufuria imejaa na mtu amesimama mbele yake na mwiko. Humu ndani yupo mama mwenye mtoto wa shule nyingine anayesema amefunga. Sitaki unyooshe mkono, sitaki uje mbele watu wakuangalie. Baada ya ibada nifuate tu pale nje, taratibu. Kesho saa sita mchana tutasimama foleni wote wawili.