Wiki Moja Kabla ya Milele

Mheshimiwa Rais wa Wilaya ya Kanisa, uliyezipanda ngazi zetu mbovu ukiwa na goti linalouma. Rais mpya wa tawi letu, ndugu yetu kinyozi, ambaye vichwa vyetu umevijua kwa nje na kuanzia leo utalazimika kuvijua kwa ndani. Dada yetu mfua nguo wa hospitali, kiongozi wa akina mama. Wazee wamisionari, ambao kwa umri tungeweza kuwazaa lakini kwa cheo tunawaamkia, na penye wazee haliharibiki neno. Ndugu wageni waalikwa kutoka kambi ya wajenzi, mliokuja kwa sababu mlisikia kuna soda, na soda zipo. Akina kaka na akina dada. Na wewe fundi wetu, Cheche, uliyekalishwa hapo mbele kama bwana harusi asiyemwona bibi harusi: hamjambo nyote?

Mimi shule niliishia darasa la sita, na kazi yangu ni kubeba zege. Rais wetu mpya aliponipa nafasi hii aliniagiza niseme juu ya furaha ambayo Cheche ameipata katika kulitumikia tawi letu, nisiwe mrefu, na nisiwalize watu. Nimehangaika na neno hilo la furaha tangu juzi. Mwishoni nilimwendea Cheche mwenyewe, alikuwa akifunga begi lake, nikamwuliza kama naweza kusema mambo yalivyokuwa. Akaniambia, "Sema. Nimechoka kusifiwa kwa maisha ya mtu mwingine."

Basi nitasema, naye akinikatisha, nitanyamaza.

Kwa wageni wetu nieleze kidogo. Sisi watu mnaotuita Wamormoni hatuna mchungaji wa kuajiriwa. Anaitwa mtu miongoni mwetu, mwenye kazi yake na shida zake, anaambiwa ongoza, naye anaongoza mpaka siku atakapoambiwa pumzika. Cheche alichomelea vyuma siku sita, na siku ya saba akavaa shati jeupe akasimama katika chumba hiki, juu ya duka la matairi, harufu ya mpira ikipanda kutoka chini, akatuambia juu ya Mungu. Mlango ule mnaoufunga kwa nguvu kila mara ameuchomelea bawaba yeye. Viti vya chuma mnavyokalia, miguu yake ameirudishia yeye. Wagonjwa aliwatembelea yeye, na waliogombana aliwapatanisha yeye, hata wale waliokuwa hawataki kupatana kwa sababu ugomvi ulikuwa umeshanoga.

Mimi nilimjua kambini kabla ya kumjua kanisani. Wakati wa chai sisi sote tulikuwa tukikamata vikombe, yeye anamimina maji ya moto matupu, maana chai na kahawa tumekatazwa. Wenzetu waliyaita maji yale chai ya watakatifu. Mpishi wa kambi, ambaye yupo hapa na anatazama pembeni, alikuwa na utani wake mmoja asiouchoka. Alikuwa akimwuliza mbele ya watu, "Cheche, ninyi si ndio tunaosikia mna wake wengi? Mbona wewe hata mmoja hatumwoni?"

Naye Cheche hujibu, "Mmoja ninaye, kaka. Ulio mwingi ni umbali."

Tulicheka, ndugu zangu. Nani kati yetu hakucheka? Na nani kati yetu hakujua kwamba tunajicheka wenyewe? Nyanyueni macho mtazamane. Katika chumba hiki wanaume walio wengi wana wake, na wake hao hawamo. Akina dada walio wengi wana watoto, na watoto hao wanalelewa na bibi zao. Tumetawanyika kutafuta riziki, halafu kila Jumapili tunakaa hapa tunafundishwa kwamba familia ni za milele. Mimi nilibatizwa mtu mzima, na mafundisho hayo ndiyo yaliyonivuta. Niliingia kwanza kwa ajili ya feni, siwafichi, maana kambini hakukuwa na feni. Lakini niliposikia kwamba mtu anaweza kuunganishwa na mkewe hekaluni hata kifo kisiwatenganishe, nilirudi Jumapili ya pili, na feni siku hiyo ilikuwa mbovu.

Cheche naye alilipenda fundisho hilo kuliko yote. Tulikuwa tunalala chumba kimoja, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini, na simu zake nilizisikia nikitaka nisitake. Siku moja alimpigia mkewe akamweleza, sauti imejaa raha kama mtu aliyepata kiwanja. Alimwambia kwamba ndoa yao haina haja ya kuishia kaburini, kwamba kuna hekalu, kwamba wakikubali wote wawili watakuwa pamoja milele na milele. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke mpole, mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake tulikuwa tukiisikia ikinguruma simuni. Siku ile aliisimamisha. Akasema, "Mume wangu, hiyo milele ni ndefu. Nipe kwanza wiki moja, nionje."

Chumba kizima tuliangua kicheko, Cheche akiwa wa kwanza. Alimwambia, jengo hili likiisha nakuja. Jengo likaisha, likaja la pili, na la pili likazaa la tatu. Kila alipomrudia na habari za hekalu, mama yule alimjibu hivyo hivyo, bila hasira, mpaka ikawa kama salamu yao. Hakukubali, na kukataa moja kwa moja hakukataa. Alikuwa anangoja wiki yake.

Hakuipata. Mnajua jinsi ilivyotokea, maana wengi mlikuwapo. Aliugua ghafla, Cheche akapigiwa simu akiwa juu ya mihimili, kofia ya kuchomelea imefunika uso, na sisi tuliokuwa chini tukaona cheche zimekatika. Ruhusa ya kazini ilipotoka, na gari la kuunganisha lilipopatikana, kule nyumbani walikuwa wameshamaliza kufukia kaburi lake. Akasema hakuna tena wa kuwahi. Hakusafiri. Siku iliyofuata alipanda tena kwenye mihimili.

Sasa nifike mahali pagumu, Mheshimiwa, na uniwie radhi.

Tulikuja kumfariji, na tulimfariji kwa lile lile tulilofundishwa. Tulimwambia afurahi. Tulimkumbusha kwamba ukipita muda uliowekwa anaweza kwenda hekaluni, dada mmoja akasimama badala ya marehemu, naye akaunganishwa na mkewe ingawa mkewe hayupo. Mimi nilimwambia. Dada mfua nguo alimwambia. Kila aliyeingia alimletea maneno hayo kama mtu anayeleta dawa, na kila mmoja alitoka akiwa amepona yeye. Cheche alijikaza kisabuni, akawashukuru wote, akawasindikiza mpaka langoni. Mlango ulipofungwa aliniuliza, "Na yule aliyesema nipe wiki moja, nani kamwuliza?"



Ikaja Jumapili ya mfungo. Wageni wetu, katika siku hiyo tunashinda na njaa, na kila anayetaka husimama kutoa ushuhuda, na ushuhuda wetu una neno lake: najua. Najua Mungu yupo. Najua nitawaona wapendwa wangu. Watoto wadogo husimamishwa na mama zao wakaling'ata sikio la kipaza sauti wakisema najua. Siku ile Cheche alisimama mwenyewe, akiwa bado rais wa tawi, tundu la moto likionekana kwenye kola ya shati lake jeupe. Alisema, "Ndugu zangu, leo sijui. Ninatumaini tu. Na furaha sina." Akaketi.

Mnakumbuka? Feni ilikuwa inazunguka, na chini kwenye duka mtu alikuwa anagonga rimu. Kuna waliosema baadaye kwamba kiongozi hapaswi kunena hivyo mbele ya watoto. Huenda ni kweli, mimi si mwalimu. Lakini niliona jambo. Baada yake alisimama dada mfua nguo, akasema kwamba shuka za wagonjwa zimemchosha na kila akisali usingizi unamchukua. Akasimama mlinzi wa benki, mtu ambaye hatukuwahi kumsikia sauti, akasema mwanawe amekataa kuzungumza naye. Akasimama kinyozi wetu, akasema huwa anatabasamu kanisani kwa sababu anadhani akikunja uso wageni watasema dini hii haifai. Kila mmoja wetu alikuwa na uso wa Jumapili, tukiutundika pamoja na shati jeupe, na siku ile tuliuvua wote mahali pamoja. Nilitoka hapa na huzuni kubwa, na kwa mara ya kwanza sikuwa nayo peke yangu.

Basi mkiniuliza, je, watu wazima wa imani hii wana furaha ya kweli? Wageni wetu mmeniuliza hivyo mara nyingi kambini, wengine kwa kejeli na wengine kwa kutaka kujua. Nitajibu kwa niliyoyaona. Wapo wenye furaha, na ninawaonea wivu. Wapo walioikaribia wakaona moshi wake tu. Wapo wanaoamini kwamba kukosa furaha ni dhambi, kwa hiyo wanaibeba huzuni yao kwa siri, na huzuni ya siri huwa na uzito mara mbili. Wazee wamisionari, mnatufundisha vizuri mpango wa furaha, na mimi nimeupokea. Ninachoomba ni kwamba mkimkuta mtu mzima aliyeupokea na bado analia, msimrudishe somo la kwanza. Kaeni naye.

Muda uliowekwa ulipita. Ruhusa ya kumfanyia marehemu ibada ile hekaluni ilikuwa mikononi mwa Cheche, maana mume ndiye wa karibu kuliko wote. Hakuna ambaye angemzuia. Sisi wengine tulishaanza kumpangia safari. Yeye akampigia simu binti yake, ambaye ni mtu mzima, si wa imani yetu, na ambaye tangu mazishi alikuwa akipokea simu za baba yake kwa kusema shikamoo na kwaheri. Akamweleza anachotaka kumfanyia mama yake. Nami nilikuwa kitanda cha chini, nimegeukia ukutani.

Binti akamwuliza, "Baba, mama alikuomba nini?"

"Wiki moja."

"Ulimpa?"

"Hapana, mwanangu."

 Kisha nikasikia, "Basi njoo ukae nyumbani. Ukishakaa, uniulize tena."

"Na ukikataa?"

"Nikikataa nimekataa, baba."

Ndiyo maana tumekusanyika hapa, ndugu zangu. Cheche hakuondolewa, wala hakuchoka na kanisa, kama ilivyonong'onwa pale kwenye ngazi. Ameomba apumzishwe, ameacha kazi ambayo wengi wetu tungeipigania, na anakwenda kwenye nyumba ambayo haijulikani kama itamfungulia mlango kwa moyo. Ibada ile ameiweka kando. Kwa imani yetu, marehemu naye yuko huru kukubali au kukataa lile tunalomfanyia, na Cheche anasema mtu aliye huru haulizwi akiwa amepewa kisogo. Atasubiri neno la binti. Likija la ndiyo, ataliendea hekalu. Likija la hapana, mtu huyu aliyewafundisha watu wa tawi zima juu ya familia za milele ataishi bila ya kuunganishwa na mke aliyempenda, na ataishi hivyo kwa hiari yake. Mnaona uzito wake? Mimi nisingeuweza.

Jana, alipokuwa anakunja blanketi, nilimwuliza atafanya nini siku binti akisema hapana. Nilitegemea aniambie atasali, maana ndiye aliyenifundisha kusali. Alikaa pembeni ya kitanda akalitazama lile blanketi. Akasema, "Binti ananiambia paa linavuja upande wa jikoni. Nitaanza na paa."

Mheshimiwa, nimeishi na mtu huyu chumba kimoja miaka mingi, nimemwona akihubiri, akibatiza, akisifiwa, na nilikuwa nimetumwa niitafute furaha yake. Sijui kama ndiyo ile. Najua tu kwamba alipolitaja lile paa alianza kuniuliza bei ya bati, na misumari, na kama mbao za kule zinafaa, na hakunyamaza mpaka taa ya chumba ilipozimwa.

Cheche, ndugu yangu, hatuna zawadi ya maana. Akina mama wamekununulia koti, maana wanasema huko ni baridi. Livae.

Nanyi wenzangu, nina ombi moja kabla hatujashuka kwenye soda. Gari lake linaondoka alfajiri, na kila mmoja wetu atapita hapa mbele kumpa mkono. Ninawajua, na ninajijua. Ulimi utawawasha kumwambia kwamba binti atakubali, kwamba Mungu ameshapanga, kwamba yote yatakuwa mema. Hatujui. Mwacheni aende na kutojua kwake, kwa kuwa amekubali kuubeba mzigo huo. Mpeni mkono, mwambieni safari njema, halafu mnyamaze.

Nawashukuru wote mlionivumilia na kunitegea masikio. Asanteni sana.