Dresa Guleid na Binti Aliyekataa Uji Wangu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufunga vidonda vyetu na kututukana kwa upole, Dresa Guleid Yarow anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 1967. Mimi Alio, mpishi wa hospitali hii ya Garissa, nimepewa kazi ya kuandika kwa sababu makarani wote wanamwogopa.

Alianza mwaka 1936 akiwa mfagiaji, akajifunza kufunga vidonda hadi akawa dresa. Vita hivi vya shifta, waasi wanaopigana na serikali, vilipofika, alikuwa akishona askari asubuhi na wachungaji jioni, na wote aliwaambia wanalia kama mbuzi.

Lakini hapa kwetu jina lake limeshikana na la Muslimo. Binti huyu wa miaka kumi na saba aliletwa mwaka jana kutoka Bura kwa msafara wa jeshi: mifupa mitupu, nywele zinadondoka, mikono baridi katika adhuhuri ya Garissa! Chakula kilikuwapo, hakukitaka. Alijiona mnene. Mama yake, Bi Arbia, alisema ni jini. Mimi nilisema ni dharau kwa uji wangu.

Guleid alitucheka wote wawili. Alieleza kuwa ni ugonjwa unaoanzia kichwani kisha unakula mwili: binti anaogopa kunenepa kama wengine wanavyoogopa fisi, hedhi inakatika, mifupa inadhoofika, moyo unapiga polepole, mpaka siku moja unasahau kupiga. Si kiburi, si jini. Kuhusu uji wangu, alisema, hiyo ni kesi nyingine.

Bi Arbia nami tukajifanya madaktari. Kwetu dawa ya mwembamba ni maziwa ya ngamia na samli, basi tukamshindilia kibuyu kizima. Miguu ikavimba, moyo ukaenda mbio, tukadhani tumemuua. Guleid alikaa naye siku tatu. Alinifokea kwamba mwili uliozoea njaa haupakiwi chakula kama ngamia anavyopakiwa hema. Akaanza upya: nusu kikombe, mara sita kwa siku, yeye mwenyewe akinywa nusu nyingine, wakizungumza juu ya kila kitu isipokuwa unene.

Wiki ya tisa Muslimo alionja uji, akakunja uso, akamwita ami kwa Kisomali: "Adeer Guleid, mwambie mpishi wako huu una madonge!" Mzee mzima akarukaruka wodini kama kijana siku ya harusi, akipiga kelele kwamba anayelalamika amekula. Wallahi sijawahi kutukanwa nikafurahi hivyo. Bado ana siku mbaya, lakini yuko hai na anakula.

Asante, Guleid, kwa mikono yako na hata kwa ulimi wako. Amani ikirudi, Mungu akufikishe kwenu Hulugho, akupe afya na maziwa tele, uishi vizuri mpaka wajukuu wakuchoke.