Mstari Unaorukwa na Printa

Kwenye basi la mji wa Odense, Denmaki, mbele yangu, mama mmoja mzee alikuwa amepakata printa kuukuu kama anayempeleka mtoto kliniki. Kijana aliyeketi kando yake akamuuliza inaumwa nini.

"Inaruka mstari mmoja katikati ya kila karatasi," mama akasema. "Jumamosi mjukuu wangu anapata kipaimara, na wimbo wa wageni kuimba mezani bado haujachapwa."

"Nunua mpya, mama. Fundi atakuzungusha tu."

"Nyimbo za sherehe zetu alizitunga marehemu mume wangu Svend, akazichapa kwa hii hii. Tukifika pale paliporukwa, meza nzima tunaguna, mmm-mmm-mmm, tunacheka, tunaendelea. Safari hii nimetunga mimi."

"Basi unataka usomeke wote."

"Nataka. Nimeuhangaikia sana, mwanangu. Lakini wasipoguna, itakuwa kama Svend hajawahi kukaa nasi."

Kijana akafikiri. Ni mtu wa ushauri, hakuweza kunyamaza. "Si uache nafasi tupu hapo, makusudi?"

"Kuguna kwa makusudi? Hiyo itakuwa kwaya."



Basi likasimama kituoni kwa mama. Kushoto kuna fundi, kulia kuna duka. Kijana akamsaidia kushusha printa. "Sasa unaelekea wapi, mama?"

"Ngoja kwanza," akasema. Palepale kando ya barabara, mlango wa basi ukiwa bado wazi, akauimba mstari wake ule wa katikati kwa sauti ya chini, wenye maneno yote. Kisha akauguna.